Safari ya baiskeli kando ya ziwa: jihadhari na kichocho

Mzazi, kama mwanao hupenda kuendesha baiskeli kutoka Mwanza mjini kupitia Igoma, Kisesa na Nyanguge hadi Magu, kilometa zipatazo 60, usimkataze. Ni mazoezi mazuri kwa moyo. Hatari ipo pale anapochoka, akaegesha baiskeli na kuingia ziwani kujipoza.

Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya hata ngozi isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache. Kandokando ya ziwa letu kimeenea kichocho cha tumbo. Kisipotibiwa huharibu ini, na baada ya miaka mgonjwa huweza kutapika damu.

Mfungashie maji ya kunywa na ya kunawa kutoka nyumbani. Ikiwa ameshaingia ziwani, usikimbilie dawa siku hiyohiyo: prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, si michanga. Mpeleke kituo cha afya akapimwe baada ya wiki sita hadi nane. Akipata homa kabla ya hapo, usisubiri. Apimwe malaria siku hiyohiyo. Kumbuka pia, aliyetibiwa kichocho anaweza kuambukizwa tena.