Syldavia Mwezini: Mwenyeji na Mgeni katika Safari ya Anga

Kubuni nchi ni mbinu kongwe ya fasihi. Wasomaji wa Walenisi (1995), riwaya ya Katama Mkangi, wanafahamu jinsi mtunzi anavyoweza kuunda nchi isiyokuwamo katika ramani yoyote ili aihoji nchi iliyomo. Makala haya yanaichunguza Syldavia, ufalme uliobuniwa na Hergé, mtunzi Mbelgiji wa hadithi za michoro za Tintin, pamoja na mpango wake wa kumfikisha binadamu mwezini. Hoja yetu ni kwamba nyuma ya ushindi huo wa kisayansi mna swali zito: safari ya anga ni ya nani?

Syldavia ilianza kusimuliwa mwaka 1938, mwaka ambao Ujerumani iliimeza Austria. Ni ufalme mdogo wa milimani katika eneo la Balkani, unaotishwa na jirani yake, Borduria. Hergé aliirejelea nchi hiyo katika vitabu viwili, Objectif Lune (1953) na On a marché sur la Lune (1954). Ikumbukwe kwamba wakati huo hapakuwa na hata setilaiti moja iliyorushwa. Sputnik ilipaa mwaka 1957, na binadamu akaukanyaga mwezi mwaka 1969.

Katika hadithi, urani imegunduliwa katika milima ya Syldavia, na serikali imejenga kituo cha siri mahali paitwapo Sprodj. Roketi yake, yenye miraba myekundu na myeupe, inafuata umbo la V-2, kombora la Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, ila yenyewe inaendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Mtunzi hakubuni ovyo. Injini inapozimwa safarini, wasafiri wanaelea, na pombe ya Kapteni Haddock inatoka katika gilasi na kujikunja kama mpira. Aidha, Tintin anakuta barafu katika pango la mwezini. Mwaka 2018 wanasayansi walithibitisha kuwapo kwa barafu katika ncha za mwezi.

Hebu sasa tuwahesabu wanaanga. Profesa Tournesol, msanifu wa roketi, amealikwa kutoka ng'ambo. Tintin na Haddock ni wageni. Mhandisi Wolff aliwahi kufanya kazi Marekani. Wapelelezi Dupond na Dupont wanajikuta chomboni kwa kukosea saa ya kuondoka. Hata mbwa Milou anatembea mwezini. Yuko wapi Msildavia? Yuko mmoja tu: Jorgen, aliyekuwa mpambe wa mfalme katika hadithi ya awali kabla ya kumsaliti. Naye amejificha ndani ya roketi ili aiibe kwa niaba ya taifa jingine. Ardhi ni ya Syldavia na urani ni yake, lakini mwanawe wa pekee aliyefika mwezini ni msaliti. Wolff, aliyelazimishwa kumsaidia Jorgen, ndiye anayelipa: oksijeni inapopungua, anajitosa angani ili wenzake wapumue.

Kinaya hiki si cha vitabuni tu. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyokusudiwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake. Jina lilikuwa letu na bahari ilikuwa yetu. Setilaiti na roketi zilikuwa za Marekani, na warushaji walikuwa Waitaliano. Mwaka 2023 mambo yaligeuka kwa kiasi: Taifa-1, setilaiti iliyosanifiwa na wahandisi Wakenya kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria, ilirushwa kwa roketi ya Marekani kutoka California. Safari hii kilichokuwa chetu ni chombo chenyewe, na uwanja ukawa wa wenzetu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Syldavia ilimkaribisha mgeni, na bendera yake ikapata sifa. Hata hivyo, msomaji anapofunga kitabu hana budi kuuliza ni Wasildavia wangapi waliobaki Sprodj wakiwa na ujuzi wa kuunda roketi ya pili. Mwenyeji hapo ndipo anapopona au anapobaki mtazamaji.