Faili la Mvuvi wa Matrah

Presha haiumi. Mtu anaweza kushusha nguru na jodari tangu alfajiri katika soko la samaki la Matrah, Maskati, pembeni mwa Bandari ya Sultan Qaboos, akabeba mizigo na kutaniana na wenzake, na huku mishipa yake inaharibika miaka nenda miaka rudi. Sukari nayo ni hivyo hivyo. Kiharusi kikimwangusha, jamaa husema, "Jana tu alikuwa mzima." Sayansi inatuambia kwamba mara nyingi jana hakuwa mzima. Dalili zilikuwepo, tena nyingine zilishaandikwa kwenye faili lake.

Hili limejulikana kwa kazi ya subira. Mwaka 1948, katika mji wa Framingham nchini Marekani, watu zaidi ya 5,000 walianza kupimwa na kufuatiliwa, mpaka ikabainika waliougua moyo walikuwa na nini kabla ya kuugua: presha ya juu, lehemu nyingi, sigara. Leo si lazima kuanza upya na kungoja nusu karne. Vituo vya afya vya Oman vinatumia kompyuta kwa mfumo uitwao Al-Shifa, uliotengenezwa na Wizara ya Afya yenyewe. Watafiti walirejea mafaili ya Waomani wenye kisukari zaidi ya 2,000 katika mkoa wa Dakhiliya, ambao mwaka 2009 na 2010 hawakuwa na maradhi ya moyo wala mishipa, wakawafuatilia hadi mwisho wa 2017. Mambo sita yalisaidia kutabiri nani angeugua: umri, miaka waliyoishi na kisukari, kipimo cha sukari cha miezi mitatu, lehemu, presha, na protini inayovuja kwenye mkojo.

Hilo la mwisho linastahili kuangaliwa zaidi. Mkojo kidogo kwenye kikopo unaonyesha kwamba vichujio vya figo vimeanza kuvujisha, na mishipa ya figo ikiumia, ya moyo na ya ubongo huenda nayo inaumia. Hapahitajiki mashine ya ajabu. Kinachohitajika ni mgonjwa kurudi kliniki, muuguzi kumfunga mkanda mkononi, kuona 150 juu ya 95, na kuiandika namba hiyo kila mara, ili atakayelifungua faili mwakani aone mwendo wake.

Kwa mambo hayo sita watafiti walitengeneza hesabu ya kukadiria hatari ya mgonjwa. Kompyuta ikisema hatari yako ni asilimia 20 kwa miaka mitano, maana yake ni kwamba katika watu 100 wanaofanana nawe, 20 hivi wataugua na 80 hawataugua. Haikuambii wewe uko upande gani. Ukichukua mmoja aliyeugua na mmoja ambaye hakuugua, hesabu ya Dakhiliya ilimpa aliyeugua alama ya juu zaidi mara 7 hivi katika 10. Ni msaada mkubwa kwa daktari mwenye foleni ndefu, ila si ramli, na anayeiuza kama ramli asisikilizwe.

Faida ya hesabu hii iko kwenye kazi za kila siku. Mfumo unaweza kumtolea muuguzi orodha ya wenye hatari kubwa ambao hawajaonekana kliniki tangu mwaka jana, naye akawapigia simu. Mvuvi aliyeacha dawa kwa sababu anajisikia vizuri anaweza kurudishwa kabla hajaanguka. Kwangu mimi, simu hiyo ina thamani kuliko programu yoyote ya kifahari.

Lakini tuulize pia nani wamo katika mafaili hayo. Hesabu ya Dakhiliya ilijifunza kwa Waomani wenye kisukari. Mchukuzi kutoka Bangladesh aliyepo hapo hapo bandarini hamo, wala mkulima wa mwani wa Paje, Unguja. Kabla ya kuitumia kwao lazima ipimwe upya kwao. Mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba programu moja iliyotumika sana hospitalini Marekani ilikadiria gharama za matibabu badala ya ugonjwa wenyewe. Kwa kuwa Wamarekani weusi walikuwa wakigharimiwa kidogo, programu iliwaona wana afya bora kuliko hali yao halisi. Mashine haikuwa na chuki, ilisoma ilichopewa. Kijana wa kwetu anayesomea takwimu au kompyuta ana kazi hapa: mafaili ya pwani yetu yanahitaji mtu anayeijua pwani.

Kuna pengo jingine linalotugusa sisi tunaozungumza Kiswahili Maskati. Familia nyingi zina mguu mmoja Oman na mwingine Unguja au Pemba. Bibi akikaa miezi minne kwa wanawe Zanzibar, presha anayopimwa huko huandikwa kwenye daftari la kliniki ya huko, na faili lake la Maskati hubaki tupu kwa muda wote huo. Utupu huo kompyuta yaweza kuusoma vibaya, kana kwamba hakuna tatizo lililotokea. Mpaka mifumo ya nchi hizi mbili ipate njia salama ya kupashana habari, kwa ridhaa ya mgonjwa, kazi inabaki kwetu: kupiga picha karatasi ya vipimo na majina ya dawa kabla ya safari, na bibi akirudi, kumwambia muuguzi, "Mama alikuwa Unguja, vipimo vyake hivi hapa, naomba uviingize."