PR na Kiki Si Kitu Moja, Wacha Tukuchanulie

Msanii akiachana na mpenzi wake wiki moja kabla ya ngoma mpya kutoka, mtaani utaskia, "Hiyo ni PR tu." Zii buda, hiyo ni kiki. Kiki inataka uongelewe leo. PR, ama uhusiano mwema, inataka watu wakuamini hata mwaka ujao.

Cheki ile stori ya Chicago, 1982. Watu saba walikufa baada ya kumeza dawa ya maumivu, Tylenol. Kuna mtu alitia sumu ya sianidi kwenye kapsuli. Kampuni ya Johnson & Johnson sio iliyoweka hiyo sumu, lakini haikujificha. Iliambia watu waache kuzimeza, ikaitisha chupa kama milioni 31 zirudishwe, ikakula hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Kisha ikaleta pakiti zilizofungwa mara tatu ndio mtu asizichezee. Wateja wakarudi.

Hiyo ndiyo kazi ya PR: kuambia umma ukweli mapema, na kuambia bosi ukweli kuhusu vile umma unamwona. Hiyo ya pili ndiyo ngumu, juu bosi hapendi kuiskia.

Kwa hivyo celeb akiharibu kisha adai akaunti yake ilidukuliwa, jiulize: amekubali kosa? Amesaidia walioumia? Amebadilisha nini? Kama majibu ni hewa, usiiite PR.