Mkomanile
Mkomanile (pia: Nkomanile, alifariki Songea, 27 Februari 1906) alikuwa kiongozi mwanamke wa Wangoni katika Vita vya Maji Maji dhidi ya ukoloni wa Wajerumani, kusini mwa Tanzania ya leo.

Vita vilianza Umatumbi mnamo Julai 1905 kutokana na kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Mganga Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe aliwaahidi watu kwamba maji ya dawa yake yangewakinga na risasi. Omari Kinjala alipoyafikisha maji hayo Ungoni, Mkomanile alimpokea na kuyaunga mkono mapambano.

Maji hayakuzuia risasi. Mkomanile alikamatwa na kunyongwa pamoja na viongozi wengine wa Wangoni, akiwa mwanamke pekee kati yao. Wajerumani walichoma pia mashamba na maghala ya chakula. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki.

Gavana wa wakati huo, Gustav Adolf von Götzen, alikumbukwa kwa jina la meli iliyounganishwa Kigoma na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915, ambayo leo ni MV Liemba. Mkomanile na wenzake hukumbukwa Songea kila mwezi Februari, kwenye Makumbusho ya Maji Maji.