Jinsi Katiba Ibadilishwavyo

Mtu ajengaye tembe katika nchi ya Ugogo husimamisha nguzo kwanza, kisha hulaza boriti, na mwisho huweka udongo juu. Udongo ukipasuka, hata mtoto aweza kuuziba. Lakini nguzo haing'olewi ovyo, maana paa lote laweza kuwaangukia waliomo. Ndivyo zilivyo sheria za nchi. Sheria za kila siku ni udongo. Katiba ni nguzo.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ilitungwa mwaka 1977. Tangu hapo imebadilishwa zaidi ya mara kumi. Mwaka 1984 ilitiwa haki za raia, na mwaka 1992 iliruhusu vyama vingi vya siasa, badala ya kimoja tu. Je, mabadiliko hayo hufanywaje?

Kwanza huandikwa muswada, yaani maneno ya sheria inayotakiwa. Muswada hupelekwa Bungeni, Dodoma, ili wabunge waujadili. Sheria nyingine hupita wakiikubali wengi wa waliopiga kura. Katiba sivyo. Hutakiwa theluthi mbili ya wabunge wote, waliohudhuria na wasiohudhuria. Tufanye hesabu. Kama wabunge wote wangekuwa 300, zingetakiwa kura 200. Wakija 210, na 190 wakakubali, muswada umeanguka, ijapokuwa waliokataa ni 20 tu.

Tena yako mambo yalindwayo zaidi, kama vile kuwapo kwa Jamhuri ya Muungano, madaraka ya Serikali ya Zanzibar, na hesabu ya wabunge watokao Zanzibar. Hapo kura huhesabiwa kwa mafungu mawili: theluthi mbili ya wabunge wote wa Tanzania Bara, na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar. Fungu moja likipungukiwa, muswada haupiti. Kwa nini? Kwa sababu wabunge wa Bara ni wengi kuliko wa Zanzibar. Kura zikichanganywa, mwenzi mkubwa angeweza kuamua peke yake mambo ya mdogo.

Muswada ukiisha kupita, hupelekwa kwa Rais. Akiukubali na kutia sahihi, huwa sheria.

Lakini kutunga Katiba mpya ni kazi kubwa zaidi. Mwaka 2014 Bunge Maalum lilikutana Dodoma, na mwezi Oktoba likapitisha Katiba Inayopendekezwa. Sheria ilitaka wananchi wenyewe waikubali kwa kura ya maoni. Siku iliwekwa, tarehe 30 Aprili 2015. Lakini kura hiyo iliahirishwa, wala haikupigwa mwaka ule. Basi ile Katiba ya 1977 ikabaki kuwa ndiyo Katiba ya nchi.

Hapo twaona mambo mawili. Ugumu wa kuibadili Katiba huwalinda wachache wasionewe. Tena waweza kuyachelewesha mambo ambayo wengi wayatamani. Taifa halina budi kuvipima vyote viwili.

Maswali
1. Kama wabunge wote ni 360, theluthi mbili ni wangapi?
2. Kwa nini kura za Bara na za Zanzibar huhesabiwa mbalimbali?