Kwa Nini Waingereza Huandika Herufi Wasizozitamka?

Hebu andika majina ya huku kwetu bondeni: Ifakara, Kiberege, Mang'ula, Mlimba. Kila herufi uliyoiweka ina kazi yake. Hata kile kialama kidogo katika Mang'ula hakikuwekwa bure. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili amezoea herufi za namna hiyo, zisemazo kweli. Kisha anaingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka kuwa Kiingereza, naye anaambiwa asimame asome neno knife. Anasoma "kinife". Darasa zima linacheka.

Mtoto huyo hakukosa akili. Amesoma kama alivyofundishwa. Lakini kicheko kile chaweza kumfunga mdomo mwaka mzima. Nimewaona wa namna hiyo: daftari zao ni safi, bali mkono hawanyoshi.

Yafaa basi tuijue habari ya hiyo K. Katika Kiingereza, K ikitangulia N mwanzoni mwa neno, haitamkwi. Knife ni kisu, nalo husomwa naifu. Knee ni goti, husomwa nii. Kneel ni kupiga magoti, knock ni kubisha mlango, knit ni kufuma kwa sindano, know ni kujua, na knot ni fundo, kama lile la kamba ya mtumbwi. Yale ya kutumiwa kila siku si mengi, yanaenea katika ukurasa mmoja wa daftari.

Lakini kama haitamkwi, iliwekwa ya nini? Jibu ni kwamba zamani ilitamkwa. William Caxton alipoleta mtambo wa kupiga chapa Uingereza, mwaka 1476, K hiyo ilikuwa ingali ikisikika. Vitabu vikaenea, maandishi yakaanza kutulia mahali pamoja, bali vinywa vya watu havikutulia. Karne ya 17 ilipokuwa ikiisha, K ilikuwa imekwisha kunyamaza. Samuel Johnson akatoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, naye akaiacha pale pale. Maandishi yetu sisi kwa herufi za Kirumi bado ni machanga. Kamati ya kuyasanifisha kwa Afrika Mashariki yote iliundwa mwaka 1930 tu. Tungoje miaka 500, pengine wajukuu wetu nao watatulaumu.

Ushahidi hauko mbali na Ifakara. Wamisionari na madaktari kutoka Uswisi wamefanya kazi hapa miaka mingi, na Profesa Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara hapa mwaka 1957, ile iliyokua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Lugha ya watu wa Basel ni Kijerumani, na Kijerumani ni ndugu wa Kiingereza. Mjerumani huita goti Knie, na fundo huliita Knoten, na hiyo K utaisikia waziwazi. Mzee yeyote aliyefanya kazi na wageni hao aweza kumsaidia mjukuu wake katika jambo hili.

Herufi GH nazo zina habari kama hiyo. Kwetu GH ni sauti ya kooni: ghala, ghali, ghafla. Waingereza wa kale nao walikuwa na sauti ya kooni, karibu na ile ya mwisho katika sheikh, wakaiandika gh. Night ni usiku, na Mjerumani husema Nacht. Light ni mwanga, naye husema Licht. Daughter ni binti, naye husema Tochter. Mwingereza wa leo anasema naiti, laiti, doota, sauti imekwenda na herufi zimebaki. Neno knight limepata hasara mara mbili, mbele na nyuma. Kwa asili lilikuwa na maana ya kijana au mtumishi, likapanda cheo hata likawa askari mheshimiwa wa farasi. Ndugu yake wa Kijerumani, Knecht, amebaki mtumishi mpaka leo. Lakini jihadhari na delight, furaha: hilo lilitoka Ufaransa bila gh yoyote, Waingereza wakaitia baadaye kwa kulifananisha na light. Basi hata wenyewe walikosea!

Waswahili hawakuhangaika na mambo hayo. Waliposikia plough, wakaandika plau, na kwa plau wakulima wanalima mashamba ya mpunga. Gh ikaachwa huko huko. Tena lile vazi wanaloliita taiti limetoka katika tights, nalo halikubeba gh. Sikio lilikuwa mwalimu mzuri kuliko jicho.

Yako maneno machache ambamo gh husomwa kama f: laugh, kucheka, rough, yenye kukwaruza, enough, ya kutosha, cough, kikohozi. Hayo hapana budi kuyakariri tu.

Mzazi usiyejua Kiingereza, kazi hii unaiweza. Mwambie mtoto aandike maneno ya K katika karatasi moja. Jioni, baada ya chakula, shika karatasi ile, taja kwa Kiswahili: goti, kisu, fundo, kujua. Yeye aandike kwa Kiingereza, kisha alitamke neno. Wewe tazama tu kama K ipo mwanzoni, na sikiliza kama ameinyamazia.