Mwanachuoni, Hakim na Fundi: Majina ya Wenye Elimu Nyingi

Jina ni kipimo. Mzee wa nyumba akimwita mtu "mwanachuoni", watoto waliokaa mkekani husikia, na nyoyoni mwao huingia sura ya mtu wa kuigwa. Akimtaja mwingine kwa kusema "huyo hajasoma", sura nyingine huingia, nayo hukaa. Kwa hiyo yatupasa tujue maneno haya yamebeba nini kabla ya kuyatoa vinywani mwetu.

Tuanze na mwanachuoni. Katika Kiswahili cha zamani "chuo" kilikuwa kitabu, kisha likawa jina la mahali pa kusomea. Mwanachuoni basi ni mwana wa kitabu, aliyelelewa nacho kama mtoto alelewavyo na mzazi. Na mwana haachi kuwa mwana hata akiota mvi. Tazameni pia neno mtaalamu. Leo twamwita hivyo mtu aliyekwisha kubobea, lakini asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kujifunza. Ndani ya jina la bingwa mmejificha mwanafunzi.

Waarabu wana jina la mtu aliyekusanya elimu za namna nyingi: humwita mutafannin, kutokana na neno lile lile lililotupa sisi "fani". Aliyezidi sana katika elimu humwita allama. Na tabibu aliyekuwa pia mtu wa busara walimwita hakim, jina lenye shina moja na hekima yetu. Abu Ali Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 na kufa 1037, aliandika juu ya tiba na falsafa pamoja, wala watu wa zama zake hawakuona ajabu. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 huko Khwarazm, alichunguza nyota, akapima ukubwa wa dunia, kisha akajifunza Kisanskriti ili awaelewe watu wa Bara Hindi na kuandika habari zao.

Pwani yetu nayo haikukosa watu wa namna hii. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, katika ujana wake alishughulika na safari za baharini na biashara. Baadaye alikuwa Kadhi wa Unguja, na alikwenda hadi Istanbul kutafuta elimu zaidi. Alifariki mwaka 1925. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, alikuwa mwalimu wa skuli, mshairi, na mwandishi wa historia na wa habari za wanavyuoni wetu. Tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili ilitoka kamili mwaka 1969, wakati ambapo alikwisha kushika ukadhi mkuu wa Kenya. Alifariki mwaka 1982.

Huenda msomaji akatujibu kwa methali: mshika mawili moja humponyoka. Methali hii ni ya kweli, na vijana waisikilize. Lakini tuwaangalie watu hawa vizuri. Hawakushika mawili kwa pupa. Walipanda shina moja likashika mizizi, ndipo wakaacha matawi yatoke. Sheikh Farsy asingaliweza kufasiri Qurani kama asingalikijua Kiarabu kwa undani, na tafsiri yake isingalipendwa majumbani kama asingalikijua Kiswahili cha nyumbani. Elimu moja ilikuwa mkono wa kulia wa nyingine.

Sasa tutoke pwani twende bara, mpaka Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi katika wilaya ya Karatu. Huko pana maji ya chemchemi, na watu wa makabila mengi wamekutana kwa ajili ya kilimo cha vitunguu, Kiswahili kikiwa lugha yao ya pamoja. Je, majina haya ya heshima yana kazi gani Mang'ola?

Mtazameni mkulima wa vitunguu. Lazima ajue kitalu na mbegu, ajue siku ya kuhamisha miche, ajue kupima majaruba na kungoja zamu ya maji bila kugombana na jirani, kisha ajue bei ya soko ili asipunjwe. Mtazameni mhunzi wa Kidatoga, ambaye kwa moto na mivukuto huugeuza msumari kuwa ncha ya mshale, na shaba kuwa kikuku. Watazameni Wahadzabe, watu wapatao elfu moja na ushei, ambao baadhi yao hata leo huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kutafuta asali. Mwindaji wao hujichongea upinde, husokota kano za mnyama kuwa uzi wake, huzijua sumu za miti, husoma nyayo ardhini, na humjua ndege aongozaye watu kwenye asali. Akifika kwenye mbuyu mkubwa, hupigilia vigingi shinani na kuupanda.

Mtu huyu twamwitaje? Wengi wetu twasema "hajasoma", tukadhani tumekwisha kumweleza. Lugha yetu inalo jina lake: fundi. Na mwenye ufundi wa mambo mengi hakosi kuwa mjuzi, hata kama hakushika kalamu. Hatusemi kwamba kalamu haina kazi. Mtoto wa Mhadzabe, wa Mdatoga na wa mkulima, wote wana haki ya skuli na ya chuo. Tunaloliogopa ni kwamba mtoto akienda skuli akisikia kila siku kuwa baba yake hajui kitu, atarudi nyumbani asiulize tena. Mzee atakufa na ujuzi wake, na kijana atabaki na cheti kimoja na lugha ya kudharau.

Katika Sura ya Taha, aya ya 114, Mtume wetu (s.a.w.) aliamrishwa amwombe Mola wake amzidishie elimu. Ikiwa yeye aliamrishwa hivyo, nani kati yetu atasema ametosheka?

Basi enyi wazazi, waulizeni watoto wenu jioni wamesoma nini skulini na chuoni, kisha muwaambie nanyi mnalolijua: la shamba, la chombo, la jikoni, la dawa. Nanyi vijana, shikeni shina moja kwa nguvu, wala msione haya kujifunza kwa asiyejua kusoma. Jina la mwanachuoni halimwondolei mtu wajibu wa kuuliza, humzidishia.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.